Nani anasaini kabla polisi hawajasoma nyendo zako kwenye mnara wa simu?

#1 Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, sitakasirika.

Nianze na simu yangu iliyoibiwa. Miaka kadhaa nyuma, kabla sijaja huku Ohio, nilichomolewa simu kwenye daladala pale Mwenge. Nilipofika nyumbani nikafungua kompyuta ya mdogo wangu, nikaingia kwenye akaunti, nikaiona: kidoti cha buluu, Tandale, na duara hafifu limekizunguka. Nikaenda kituoni, nikapewa RB, nikaambiwa "tutakupigia". Hawakupiga. Tukajikusanya vijana wanne, pikipiki mbili, tukaenda wenyewe.

Kufika pale tukaambiwa nyumba za watu haziingiwi bila mjumbe. Tukampata mjumbe, mama mtu mzima, kakaa kibarazani anachambua mchele kwenye ungo. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha ramani. Akavaa miwani, akaangalia kwa muda, kisha akauliza, "Hilo duara lina nyumba ngapi?" Sikuwa na jibu. Akaanza kuhesabu hewani kwa kidole, huku akitaja wenye nyumba mmoja mmoja: kwa mama fulani, kwa fundi cherehani, kwa yule mzee wa Tanga. Akapita thelathini. Halafu akasema, "Na madrasa imo. Mnataka kuwapekua watoto wa madrasa?" Akarudi kwenye mchele wake.

Siku ile nilimwona mama mkorofi, nikarudi nimenuna. Sasa nafanya kazi ya ukalimani mahakamani huku, Kiswahili na Kiingereza, wengi ninaowatafsiria ni Wakongo wa Uvira na Fizi. Kesi sizitaji, nimekula kiapo. Ila siku moja mwendesha mashtaka aliweka ramani ya minara ya simu kwenye skrini, kila mnara umegawanywa vipande vitatu kama tikiti maji, kipande kimoja kimepakwa nyekundu, pembeni saa na dakika. Nikatafsiri: "mnara ulioihudumia simu". Mama mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mnara ya nini, ya kanisa?" Sikuwa na neno bora la kumpa. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma.

Katiba ya Marekani ina Marekebisho ya Nne, yaliyopitishwa 1791. Kwa ufupi: mtu awe salama, yeye, nyumba yake, karatasi zake na mali zake, dhidi ya upekuzi usio na sababu, na hati ya upekuzi isitolewe bila sababu ya msingi iliyoapiwa, na itaje wazi panapopekuliwa. Waliotunga walikuwa wanamfikiria askari wa mfalme anayevunja mlango na kupindua masanduku. Hawakumfikiria mtu anayetembea na kitu mfukoni kinachosema chenyewe kilipo, usiku na mchana.

Kwa hiyo mahakama zimekuwa zikipapasa. Mwaka 1983 ilikuja kesi ya Knotts. Polisi wa Minnesota walificha kifaa cha redio ndani ya pipa la klorofomu, wakalifuata pipa mpaka kwenye kibanda huko Wisconsin. Mahakama ya Juu ikasema hamna shida: ukiwa barabarani kila mtu anakuona, siri yako iko wapi?

Basi polisi wakaishi na hilo miaka karibu thelathini, teknolojia ikawa inakua chini yake. Ikaja kesi ya Jones. Antoine Jones alikuwa na klabu ya usiku Washington, akashukiwa biashara ya kokeini. Mwaka 2005 polisi walipata hati ya kufunga GPS kwenye gari, ifungwe ndani ya siku 10 na ndani ya Washington. Wakaifunga siku ya 11, tena Maryland. Ikakaa siku 28 na kutema zaidi ya kurasa 2,000 za data. Jones akapigwa kifungo cha maisha.

Kesi ilipofika juu, Novemba 2011, Jaji Mkuu John Roberts akamuuliza wakili wa serikali: kwa hoja yenu mnaweza kufunga hivyo vifaa kwenye magari yetu sisi majaji, mtufuatilie mwezi mzima? Wakili hakuwa na pa kukimbilia. Jibu lake, ukiliondolea mapambo, lilikuwa ndiyo. Januari 2012 majaji wote tisa wakampa Jones ushindi, ila kwa njia tofauti. Scalia akaandika kwamba kulishika gari la mtu na kulibandika kitu ili upate habari ni upekuzi, basi. Alito na wenzake watatu wakasema tatizo ni muda, wiki nne za kumfuata mtu ni nyingi mno. Mimi aliyenigusa ni Sotomayor, aliyeorodhesha sehemu ambazo ramani itazitaja bila wewe kufungua mdomo: kwa daktari wa akili, kwa wakili wa jinai, kwenye nyumba ya wageni inayolipiwa kwa saa, msikitini, kanisani, kwenye kikao cha chama cha wafanyakazi.

Ila Scalia aliacha mwanya. Kama kosa ni kuligusa gari, itakuwaje polisi wasipogusa chochote, waende tu kwa kampuni ya simu waombe rekodi zilizokwishaandikwa?

Hapo ndipo anapoingia Timothy Carpenter wa Detroit. Kuanzia mwishoni mwa 2010 kundi lake lilikuwa linavamia maduka ya RadioShack na T-Mobile, Michigan na huku Ohio, wanabeba simu mpya. Mmoja alipokamatwa akawamwaga wenzake, akawapa FBI namba. FBI wakapata amri za hakimu za daraja la chini, ambazo hazihitaji sababu ya msingi kama hati ya upekuzi inavyohitaji. Inatosha kuonyesha sababu za kuamini kwamba rekodi "zinahusiana" na upelelezi. Wakapewa siku 127 za nyendo za Carpenter. Pointi 12,898. Wastani wa 101 kwa siku! Nyingine zilimweka jirani na maduka manne saa zilezile za uvamizi. Mwizi wa simu kauzwa na simu. Akafungwa zaidi ya miaka 100.

Serikali ilikuwa na hoja ya zamani, ya tangu miaka ya 1970: ukishampa mtu wa tatu taarifa zako, benki au kampuni ya simu, umejivua siri mwenyewe. Tarehe 22 Juni 2018 Roberts, kwa kura 5 dhidi ya 4, akaikataa kwa rekodi za minara. Akasema simu sasa ni kama kiungo cha mwili. Marekani ya watu milioni 326 ilikuwa na laini milioni 396, na kuna watu wanaingia nazo hadi bafuni. Hakuna anayekaa chini "akaamua" kuipa kampuni ramani ya maisha yake. Simu inajiandikisha yenyewe mnarani hata ukiwa umelala. Kwake ilikuwa sawa na kumfunga kila raia kifaa mguuni, kile wanachofungwa walio nje kwa dhamana, halafu kurudi kusoma alikopita miaka mitano nyuma. Kwa hiyo: siku saba au zaidi, ni upekuzi, leta hati. Chini ya siku saba hakusema kitu.

Sasa sikilizeni. Jones, baada ya ushindi ule, akarudishwa kwenye kesi upya, jopo la raia wanaoamua kesi huku (jury) likashindwa kukubaliana, mwishowe akakiri kwa makubaliano na kupewa miaka 15. Carpenter ndiyo kabisa. Mahakama ya rufaa ya kanda ya sita ilisema 2019 kwamba polisi walifanya kwa nia njema wakifuata sheria ya wakati ule, kwa hiyo ushahidi unabaki na hukumu inabaki. Jina lake linatajwa kila siku mahakamani kututetea sisi ambao hatujavamia duka. Yeye hakuvuna hata siku moja.

Wezi ndio waliotupigania, wakuu. Mtu mwema hapelekwi mahakamani, kwa hiyo hana pa kuidai hiyo haki. Hili linanisumbua mpaka leo. Tiririkeni.

#2 Mkunaji

Mtoa mada umeandika vizuri ila umeniudhi. Mimi simu yangu ya tatu imeibwa mwezi uliopita. Afuatiliwe, akamatwe, atandikwe. Asiye na la kuficha anaogopa nini kujulikana alipo? Mke wangu anajua nilipo, Mungu anajua nilipo, polisi akijua kuna nini?

#3 Fundi wa Minara

Mkunaji, Mungu hakosei mtaa. Mnara unakosea.

Nimepanda minara miaka kumi na kitu, ngoja niwape darasa la bure. Mnara wa kawaida una antena upande tatu, kila upande unamulika kama theluthi ya mzunguko. Hivyo ndivyo vile vipande vya tikiti alivyoviona mtoa mada. Rekodi ya kampuni haisemi "fulani yuko dukani". Inasema simu hii, saa hii, ilihudumiwa na antena hii ya mnara huu. Basi. Mjini kipande kinaweza kuwa mitaa michache. Kijijini unazungumzia kilomita na kilomita, mashamba na mito ndani yake.

Na simu haiendi kwa mnara ulio karibu kila mara. Ukielemewa, inahamia mwingine. Umeme ukikatika na jenereta likagoma, inahamia mwingine. Majini ndiyo balaa, mawimbi yanasafiri juu ya maji bila kizuizi. Nimesimama Kigamboni na simu yangu ikanyonya mnara wa ng'ambo, mjini. Kwenye karatasi nipo Posta nakunywa kahawa. Kwa macho nipo upande wa pili wa bahari nasubiri pantoni.

Karatasi yenyewe mkiiona hamtaamini ilivyo kavu. Safu ya namba iliyopiga, safu ya iliyopigiwa, tarehe, saa, sekunde za maongezi, namba ya kifaa, na mwisho kabisa namba ya antena. Mtu aliyezoea anaisoma kama mstari wa bahati nasibu. Asiyezoea anaona ushahidi.

#4 Afande Mstaafu

Nimekuwa upelelezi miaka mingi, sasa nalima matikiti kwa amani. Haya mengine ya tikiti mmeanza nyie.

Nawaambia ukweli kutoka upande wa pili wa meza. Kuna mtoto aliibwa, usiku, wiki ya sikukuu. Tuliandika barua kwa mtandao, wakatupa mnara wa mwisho wa ile simu, tukaweka kizuizi barabara moja tu iliyokuwa inatoka pale. Mtoto akapatikana kabla ya alfajiri, amelala nyuma ya gari. Mngetaka nimtafute hakimu, na hakimu yuko kijijini kwao anakula pilau, mtoto angekuwa ameshavuka mpaka. Wanaoandika hukumu ndefu hawajawahi kukaa na mama wa mtoto pale kaunta.

Lakini anachosema fundi nakiunga mkono. Tulimshikilia kijana mmoja siku sita kwa sababu simu yake ilionekana eneo la tukio. Alikuwa anarudia jambo moja, "Afande, niliipeleka kuchaji." Tulicheka. Kumbe kwao hakuna umeme, simu inalala kwenye kibanda cha kuchajia pale senta, na kibanda kiko mita chache na duka lililovunjwa. Mwenye kibanda alikuja na daftari lake: namba ya chaji, jina, shilingi mia tatu. Simu ilikuwa eneo la tukio. Kijana alikuwa kwao.

#5 Mtoa mada

Afande, shikamoo. Hilo la mtoto hata Roberts alilisema mlemle ndani ya hukumu. Dharura imetengwa: anayekimbizwa, tishio la bomu, mtoto aliyetekwa, polisi waendelee, wajieleze baadaye. Na huku majaji wengi wanasaini hati kwa njia ya kompyuta, hata usiku wa manane. Kwa hiyo tusimtumie huyo mtoto kuhalalisha barua zile nyingine zote ambazo hazina mtoto ndani yake. Wewe mwenyewe unajua zilikuwa ngapi.

Mkunaji, swali langu silo kama mwizi afuatiliwe. Afuatiliwe, nakusaidia na mafuta ya pikipiki. Nauliza nani anaangalia lile duara kabla ya mlango kugongwa, na je, huyo mtu ni mwingine au ni yuleyule mwenye hamu ya kugonga.

#6 Wakili wa Kahawa

Naweka nyama ya Tanzania, maana mtoa mada kakaa Ohio mno.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia na unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Halafu ibara ndogo ya pili inaiachia mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria wa lini na kwa kiasi gani haki hiyo inaweza kuingiliwa. Yaani mlango upo, ufunguo umewekwa kwenye sheria nyingine.

Moja ya sheria hizo ni ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kasomeni kifungu cha 32. Data ikihitajika kwa upelelezi, mkuu wa kituo cha polisi, au afisa wa ngazi inayolingana naye, anaweza kutoa amri kwa yeyote mwenye data aitoe. Mkuu wa kituo. Mahakama inakuja baadaye, pale amri hiyo inaposhindikana. Kwa hiyo swali la mtoa mada la "nani anasaini" kwetu lina jibu: anayepeleleza ndiye anayejisainia. Hata mwivi wa kuku kijijini anajua huwezi kuwa mwamuzi na mchezaji.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Ni hatua. Ila msitarajie imfunge mkono mkuu wa kituo. Sheria za namna hii karibu kila nchi huacha upenyo kwa upelelezi wa jinai na usalama wa taifa.

Na kwa wanaodhani haya ni mambo ya wezi wa simu: Tundu Lissu alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Miaka saba baadaye, Septemba 2024, gazeti la Guardian la Uingereza likaripoti shauri la kazi jijini London ambako mpelelezi wa zamani wa kampuni mama ya mtandao mmoja wa simu alidai kwamba katika wiki zilizotangulia shambulio lile, mtandao ule ulikuwa unaipa serikali data za simu yake, mahali alipo zikiwemo. Ni madai ya shauri, siyaongezi chumvi. Someni tu tena swali la nani alisaini, mkiwa na hilo kichwani.

#7 Mkunaji

Hapo kwa Lissu nimenyamaza kidogo.

#8 Mwana Eastlands

Wasee wa Bongo, salamu kutoka Nairobi. Sisi Katiba ya 2010 imetuandikia haki ya faragha waziwazi, Kifungu cha 31: usipekuliwe wewe, nyumba au mali yako, habari za familia na mambo yako zisiitishwe bila sababu, na mawasiliano yako yasiingiliwe. Kifungu cha 50 kinaongeza kwamba ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utupwe kama ukiingizwa utaharibu kesi. Sheria ya Ulinzi wa Data tuko nayo tangu 2019. Kwa makaratasi tumewashinda hata hao Wamarekani.

Sasa njoo uone kazi yake. Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kuchomeka mfumo wake kwenye mitambo ya kampuni za simu, ikasema ni kusaka simu feki tu. Watu wakaenda kortini wakasema huo mfumo utaweza kuchungulia zaidi ya simu feki. Mahakama Kuu ikauzuia 2018. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikapindua. Majaji wengine, katiba ileile, kifungu kilekile cha 31. Ndiyo maana mimi Carpenter hanipi usingizi mtamu: ile ilikuwa 5 kwa 4. Jaji mmoja angekula chakula kibaya asubuhi hiyo, mtoa mada angekuwa anaandika uzi mwingine.

#9 Binti Mji wa Kale

Naingia kwa adabu, Mombasa hapa. Nyote mwaongea minara na barua za polisi. Mie naona hiyo njia ni ya kizamani. Siku hizi hawaombi, wanunua.

Novemba 2020 Motherboard, tovuti ya habari za teknolojia, walitoa habari kwamba programu ya Muslim Pro, ile ya nyakati za swala na kibla, ilikuwa ikipeleka mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode, nayo X-Mode ikiuza kwa wanakandarasi, na kupitia kwao zikafika kwa jeshi la Marekani. Programu ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98. Wenyewe wakasema wamekata uhusiano na X-Mode. Lakini mie nilikuwa nayo simuni! Baba yangu pia, nilimwekea mwenyewe kwa mikono yangu, nikamwonyesha bonyeza hapa ukubali, ili upate adhana ya sawasawa. Adhana yahitaji kujua uko wapi, jua halitui saa moja Mombasa na London. Kwa hivyo hatukudanganywa kwamba yachukua mahali. Tulichofichwa ni yapeleka wapi.

Basi hiyo hukumu ya 2018 yasema polisi alete hati kwa kampuni ya simu. Akienda dukani na pesa zake akanunua, amuulize nani?

#10 Mtoa mada

Binti, hapo umegusa kidonda chenyewe. Bunge la Marekani, upande wa Wawakilishi, lilipitisha Aprili 2024 muswada wa kuzuia serikali kununua data ambayo ingelazimika kuiombea hati. Hapo ndipo ulipoishia, haukuwa sheria.

Lakini kuna jambo jingine nililoliacha makusudi kule juu kwa sababu nilijua uzi ungefika kurasa kumi. Carpenter alikuwa na jina kwanza, ndipo wakatafuta nyendo. Baadaye wakageuza: wakawa wanachora duara kwenye ramani, wanaiambia Google "tupeni simu zote zilizokuwa humu, saa hii mpaka saa hii", kisha ndani ya duara wanachagua mtu.

Midlothian, Virginia, Mei 2019, chama cha akiba na mikopo kiliporwa dola 195,000. Polisi wakachora duara la nusu kipenyo cha mita 150, saa moja, Google ikaleta simu 19 bila majina. Wakachuja, wakaomba majina matatu, mmoja ni Chatrie, akashtakiwa. Mnajua ndani ya duara kulikuwa na nini? Kanisa. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu saa sita usiku, nikamkumbuka yule mama na ungo wake. *Na madrasa imo.*

Na Gainesville, Florida, kuna kijana alipata barua pepe kutoka Google Januari 2020: polisi wanataka data zako, una siku saba za kwenda mahakamani kupinga. Hakujua kosa lake. Kuchimba akakuta kwamba miezi kumi nyuma nyumba ya bibi wa miaka 97 iliibiwa, na yeye siku hiyo aliipita mara tatu ndani ya saa moja. Alikuwa anaendesha baiskeli kwa mazoezi, anazunguka mtaa wake, programu inamhesabia kilomita. Wazazi walitoa akiba kumlipa wakili. Polisi wakaachana naye. Mkunaji, huyo hakuwa na la kuficha. Alikuwa na baiskeli.

Mahakama za rufaa ziligongana kwenye hilo. Kanda ya tano ilisema Agosti 2024 kwamba hati za namna hiyo ni zilezile walizozikataa waliotunga Katiba, unapekua kila mtu ili umpate mmoja. Na bado, kwa nia njema ya polisi, ushahidi ukabaki. Kanda ya nne, kwa Chatrie, hukumu ikabaki pia. Google wenyewe walitangaza Desemba 2023 kwamba historia ya nyendo itahifadhiwa ndani ya simu ya mtu badala ya kwenye mitambo yao. Yaani kampuni ya matangazo ndiyo iliyofunga lile dirisha, wakati mahakama zilikuwa bado zinabishana kuhusu kioo.

#11 Afande Mstaafu

Nimesoma hilo la baiskeli mara mbili. Kwenye kazi yetu tungemwita mshukiwa namba moja. Mtu kapita mara tatu, unataka nini tena.

#12 Fundi wa Minara

Swali la kizushi: mtu akiacha simu nyumbani siku hiyo moja tu, si ndiyo ataonekana mbaya zaidi?

#13 Wakili wa Kahawa

Nimeshakutana nalo mahakamani, "mshtakiwa alizima simu yake saa za tukio". Betri ilikuwa imekufa. Ilibidi tumlete fundi aeleze kwamba betri za simu hufa.

#14 Mkunaji

Sawa, nimerudi nusu njia. Kifuatiliaji nakitaka, ila asaini mtu mwingine. Msiseme sijabadilika.

Mtoa mada, hujatumalizia. Ile simu ya Tandale ilipatikana?

#15 Mtoa mada

Haikupatikana. Ila baada ya miezi miwili hivi rafiki yangu alipeleka yake kubadilisha kioo kwa fundi wa Manzese, akaona kava langu limening'inizwa pale kibandani linauzwa. Kava la kijani lina nembo ya Yanga na ufa pembeni, nililijua kwa picha aliyonitumia. Fundi akasema alinunua vifaa kwa kijana wa njiani, hamkumbuki.

Nikafungua ramani tena kulinganisha. Kibanda kilikuwa nje kabisa ya duara, ng'ambo ya barabara kubwa. Na zile nyumba thelathini na kitu tulizotaka kuzivamia usiku ule, hakuna hata moja iliyokuwa na simu yangu, au labda moja ilikuwa nayo kwa dakika kumi. Sitajua.

Kava nilinunua. Elfu tatu.